Kubadili oili ya injini ya dizeli kwenye boti ndogo

Fundi wa gari akiitwa kwenye boti kubadili oili, cha kwanza anachotafuta ni boliti ya kumwagia chini ya sampu, yaani karai la oili lililo chini ya injini. Ipo, lakini mkono haufiki. Na hata ukifika, hapana pa kutia beseni: injini imekalia misingi yake ndani ya ngama (chini kabisa ya chombo, maji yanakokusanyika), na kati ya sampu na mbao za chini mna nafasi ya vidole viwili vitatu. Kwa hiyo kwenye boti nyingi oili haimwagwi, inavutwa kwa juu. Hiyo ni tofauti moja. Nyingine ni kwamba boti haisimami sawa kama gari. Inalala, inainama, inayumba, na kipimo cha oili hudanganyika kwa kila mwinamo. Kubwa kuliko zote ni maji ya chumvi, ambayo yana njia kadhaa za kuingia kwenye oili bila nahodha kuwa na habari.

Maelezo haya yanahusu injini za dizeli za ndani zenye silinda moja hadi tatu: Yanmar, Kubota, Lister, na zile za Kichina za kulala (silinda yake imelala), zinazowashwa kwa hendeli. Injini za kupachika za petroli zina utaratibu wake, sizigusi.

Hesabu saa za kazi

Kitabu cha injini ndicho hakimu. Kwa injini ndogo za baharini, watengenezaji wengi hutaka oili ibadilishwe kila baada ya saa 100 hadi 250 za kazi, au mara moja kwa mwaka hata kama saa hazijatimia. Injini mpya, au iliyotoka kufanyiwa ovahoo, oili yake ya kwanza huondolewa mapema, saa 50 hivi, kwa sababu vyuma vipya vikisuguana huacha unga. Kama kitabu kimepotea na hakuna wa kukuazima, shika saa 100. Oili ni rahisi kuliko krenkshafti, ile shafti kuu ya injini.

Boti nyingi hazina mita ya saa, au mita iliungua zamani. Basi piga hesabu ya kazi. Boti inayotembea saa 3 kwa siku, siku 6 kwa wiki, inakula saa 18. Saa 100 zinatimia wiki ya sita. Anayevua dagaa usiku kucha injini ikiunguruma saa 8 anazifikia kwa wiki mbili na ushei. Wenye boti za aina hii ndio hasa hubadili "kila miezi mitatu" kwa mazoea, na injini zao ndizo zinazofika kwa fundi mapema.

Kuna jambo watu hulifanya kinyume. Kusi ikikaza na boti ikapandishwa pwani, oili chafu huachwa ndani kwa hoja kwamba itabadilishwa siku ya kushusha. Oili iliyotumika ina masizi, unyevunyevu, na asidi inayotokana na salfa ya dizeli inapoungua. Asidi hiyo ikikaa juu ya beringi na kuta za silinda miezi miwili mitatu, inazila taratibu. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka kiwango cha salfa kwenye dizeli kisichozidi sehemu 50 kwa milioni, na hilo limepunguza asidi, ila halikuiondoa. Tena dizeli iliyochakachuliwa haifuati kiwango cha mtu. Badili boti ikiwa bado majini, endesha injini dakika kumi ili oili safi ifike kila mahali, ndipo uipandishe.

Oili ya kununua

Kinachofaa injini nyingi hizi ni SAE 15W-40 ya dizeli, yenye daraja la API la CF-4, CH-4 au CI-4. Herufi C ndiyo ya dizeli. Dumu lililoandikwa daraja la S peke yake, kama SG au SL, ni la injini za petroli, liache dukani. Injini za zamani nyingi zilipangiwa oili ya namba moja, SAE 30 au 40, na kwenye joto la pwani yetu bado inafanya kazi vizuri ikiwa kitabu kimeitaja. Oili ya sinthetiki ya bei kubwa sioni faida yake hapa. Masizi yatakuwa yale yale na saa za kubadili zile zile. Pesa iliyozidi nunulia filta ya akiba.

Kiasi kinatofautiana sana kwa injini zinazofanana kwa macho. Yanmar 1GM10 ya silinda moja hubeba lita 1.3 hivi, ndugu yake 3GM30 wa silinda tatu lita 2.6 hivi. Jua kiasi cha injini yako kabla hujaanza kazi, kiandike kwa rangi kwenye mbao za kifuniko.

Kuhusu oili feki: nunua kwa muuza vipuri unayemjua na atakayekuwepo kesho. Kizibo kilichokwisha funguliwa, lebo iliyobandikwa upande, bei iliyo chini mno kuliko ya maduka ya jirani, pita. Na ile ya kupimiwa kwa chupa kutoka pipa lisilo na jina, hata ikiwa angavu kama asali mbichi, huwezi kujua ni ya injini gani wala kama haikuchujwa ikarudishwa sokoni.

Vifaa

Pampu ya mkono ya kuvutia oili ndiyo kifaa cha lazima. Zipo za shaba za kusukuma na kuvuta, na zipo zenye tangi lake, unapampu hewa kutoka mara chache kisha oili inajivuta yenyewe. Baadhi ya injini zina pampu iliyofungwa ubavuni tangu kiwandani. Angalia kabla hujanunua. Kwa injini ya silinda moja, sindano kubwa ya mifugo iliyofungwa mpira mwembamba inatosha, ukiwa na subira. Kinywa si pampu. Watu hunyonya kwa mpira kama wanavyonyonya dizeli kutoka tangini, na oili ya moto ikipaliwa mapafuni ni kesi ya hospitali.

Tia pia dumu tupu lenye kizibo kwa ajili ya oili chafu, na liwe kubwa kuliko kiasi kinachotoka, faneli, filta mpya, spana ya filta, au kipande cha tyubu ya baiskeli cha kuzungushia ili mkono usiteleze, matambara mengi, mifuko ya plastiki miwili, tochi, karatasi nyeupe, sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyokufa, glavu. Maranda kutoka kwa seremala wa boti nayo yachukue nusu gunia. Yatandaze ngamani chini ya injini kabla ya kuanza, na kila tone litakaloanguka litanywewa hapo hapo.

Chagua maji kwanza

Hili ndilo linaloharibu kazi ya wengi. Oili inatakiwa itoke ikiwa na moto, na injini ya boti haiwezi kuendeshwa ipate moto bila maji ya bahari ya kuipoza. Kwa hiyo boti iwe inaelea. Tena ielee sawasawa, kwa sababu boti iliyolalia ubavu mchangani oili yake yote imekimbilia upande mmoja wa sampu: ukivuta unaacha nusu, na ukipima unapata uongo.

Panga kazi uanze maji yakiwa yanajaa au yamesimama juu, upate saa mbili tatu mbele yako. Wakati wa bamvua (maji makubwa) maji huondoka kwa haraka na pwani zetu hukauka mbali. Ukianza maji yakishaanza kupwa utajikuta filta imefunguliwa, chombo kinagusa mchanga na kuanza kuinama. Siku za maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo tu) ndizo zenye utulivu kwa kazi hii. Toa mizigo au isawazishe, watu wasikae upande mmoja, funga kamba omo na tezi (mbele na nyuma).

Kuivuta oili ya zamani

Endesha injini dakika 10 hadi 15 ikiwa na mzigo kidogo. Kurudi kutoka safari ndio wakati bora zaidi. Moto huilegeza oili na kuyapandisha masizi yaliyokaa chini, yatoke nayo. Ukivuta oili baridi unatoa maji maji ya juu na kuacha tope. Lakini usikimbilie pia: zima, subiri kama dakika tano oili ishuke kutoka juu ya hedi (kichwa cha injini), na ekzosi ipungue moto kidogo.

Sasa hakikisha injini haiwezi kuwaka. Kata umeme kwenye swichi kuu ya betri. Kwa injini ya hendeli, nyanyua dikompresha (wenzo wa kuondoa mgandamizo kwenye silinda) na weka hendeli mbali. Kama umevaa kikoi kifunge kwa nguvu au badili uvae suruali. Nguo inayoning'inia karibu na flaiwili na mikanda ni hatari hata injini ikiwa imezimwa, maana baadaye utaiwasha.

Fungua kizibo cha kutilia oili juu ili hewa iingie. Chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili), ifute, ilinganishe na mpira wa pampu na utie alama kwenye mpira urefu ule ule na sentimita mbili zaidi. Ingiza mpira kwenye tundu la dipstiki pole pole mpaka uguse chini, kisha uinue kidogo sana, usizibwe na sakafu ya sampu. Pampu. Oili ikianza kutoka na mapovu, zungusha mpira kidogo, usogeze, uinamishe; kwa kawaida kuna kikombe kingine kizima kimejificha kwenye kona. Injini nyingi za boti hufungwa zikiinamia tezi, kufuata mwinamo wa shafti, kwa hiyo oili hukusanyika upande wa giaboksi. Tundu la dipstiki likiwa mbele, mwambie mwenzako akae omo kabisa, na uzito wake utairudisha mbele.

Pima ulichotoa. Mimina kwenye chombo chenye alama za lita kabla ya kukitia kwenye dumu la kubebea. Kama injini hubeba lita 2.6 na umepata 2.3, umefanya vizuri. Haiishi yote kwa njia hii. Ukipata 1.5, ama mpira haukufika, ama injini imekuwa ikila oili na hukuwa ukipima asubuhi. Na ukipata 3, kuna kitu kimeingia ambacho hukukitia wewe.

Isome kabla ya kuitupa

Hapa ndipo ningependa ukae. Oili chafu ni taarifa ya bure kuhusu ndani ya injini, na wengi huifunika na kizibo bila kuitazama.

Weusi peke yake si ugonjwa. Oili ya dizeli hugeuka nyeusi baada ya saa chache tu za kazi, kwa kuwa imetengenezwa ibebe masizi. Mtu anayebadili oili kwa sababu "imeshaiva nyeusi" atabadili kila wiki. Kinachokuambia kitu ni unene, harufu, na kilichochanganyika. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, iache nusu saa. Tone likitawanyika kwa weusi unaopungua taratibu kuelekea nje, oili ilikuwa bado inafanya kazi. Likiacha duara zito jeusi katikati lenye ukingo mkali, masizi yamezidi nguvu ya oili na umechelewa. Pete pana ya rangi hafifu nje ya weusi ni dalili ya dizeli.

Dizeli kwenye oili hujitambulisha pia kwa njia nyingine: kipimo kwenye dipstiki kinapanda badala ya kushuka, oili ni nyepesi kama maji kati ya vidole, na inanuka. Mara nyingi chanzo ni kiwambo cha ile pampu ndogo ya kuvutia dizeli ubavuni mwa injini kilichopasuka, au nozeli inayovuja. Usiendelee kuitumia. Mbali na kuzila beringi, oili ikizidi sana injini inaweza kuanza kuichoma yenyewe na kukimbia mbio usizoweza kuzizima kwa kukata dizeli.

Kisha maji. Oili iliyoingiwa na maji huwa kama chai ya maziwa, nzito na yenye povu. Lakini tofautisha: ute mweupe kidogo chini ya kizibo cha juu peke yake, na dipstiki ikiwa safi, kwa kawaida ni unyevu wa hewa kwenye injini inayotembea masafa mafupi bila kupata moto sawasawa. Dipstiki yenyewe ikiwa na rangi hiyo, hayo ni maji hasa. Kama huna hakika, dondosha tone juu ya bati lililopata moto mkali. Likitatarika, lina maji.

Njia zake ni chache, na ni vizuri kuzitafuta kwa mpangilio. Anza na pampu ya maji ya bahari kama imefungwa moja kwa moja kwenye mwili wa injini. Kati ya sili yake ya maji na sili yake ya oili pana kitundu kidogo cha kutolea maji yanayovuja. Kikivuja, unaona matone na unajua sili imekwisha. Kikizibwa na chumvi, au na mtu aliyepaka injini rangi bila kujali, maji hayana pa kutokea ila ndani. Kichokonoe kwa waya kila unapobadili oili. Kisha ekzosi: kwenye boti ambazo maji ya kupozea hutoka pamoja na moshi, maji yanaweza kurudi nyuma mpaka kwenye valvu, hasa injini ikizungushwa mara nyingi bila kuwaka. Mwisho gasketi ya hedi, na kwa injini zinazopozwa na maji ya chumvi moja kwa moja, chuma cha bloku chenyewe kilicholiwa na kutu.

Ukikuta maji ya chumvi, usiseme nitaishughulikia kesho. Krenkshafti na beringi huanza kushika kutu ndani ya saa. Vuta oili yote, tafuta chanzo na ukizibe, tia oili mpya ya bei ndogo lakini ya daraja sahihi, endesha dakika tano, vuta tena. Rudia mpaka itoke bila weupe; mara tatu si nyingi. Ndipo utie oili ya kudumu na filta mpya. Kama chanzo hakijaonekana, hata hivyo itie oili safi ili vyuma vijikinge, lakini boti isitoke na abiria.

Kuna chuma pia. Pitisha sumaku kwenye tope la chini. Unga laini wa kijivu unaoshika sumaku ni kawaida kwa kiasi kidogo. Vipande vinavyoonekana kwa jicho si kawaida. Na vimetameta vyeupe au vya rangi ya shaba visivyoshika sumaku ni vya kutisha zaidi, maana hizo ni beringi. Filta ya zamani nayo ina ushahidi: ipasue kwa kisu kigumu au kifungulia kopo, itandue karatasi yake. Usiikate kwa msumeno, unga wa msumeno utakupa hofu ya bure.

Filta

Kwenye boti nyingi filta imelala ubavuni mwa injini, kwa hiyo ukiilegeza inamwaga. Ivalishe mfuko wa plastiki kwanza, wote, mpaka shingoni, halafu uifungue ndani ya mfuko. Ikikataa, tumia spana yake au ule mpira wa tyubu. Kuitoboa kwa bisibisi na kuizungusha kunafanya kazi mara moja, na mara ya pili kunachana bati na kukuachia shingo iliyong'ang'ania bloku.

Kabla ya kufunga mpya, tazama mahali inapokaa. Mpira wa filta ya zamani hupenda kubaki umegandia bloku. Ukifunga filta mpya juu yake, mpira juu ya mpira, itaonekana imekaa vizuri, itakaza vizuri, na oili ikipata nguvu itausukuma nje na kuimwaga yote ngamani kwa dakika moja. Pitisha kidole mzunguko mzima uhakikishe ni chuma kitupu. Paka mpira wa filta mpya oili safi. Kama filta inasimama wima mdomo juu, ijaze oili kabla. Kama inalala, itie kidogo tu karatasi yake ilowe. Izungushe kwa mkono mpaka mpira uguse, halafu uongeze robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono. Spana ni ya kufungulia.

Injini za Kichina za kulala, aina ya S195 na jamaa zake, mara nyingi hazina filta ya kutupa; zina chujio la waya ambalo huoshwa kwa dizeli na kurudishwa. Kwa hizo pia boliti ya kumwagia inafikika mara nyingi. Kata dumu la lita 5 ubavuni lipate kuwa sinia, lisukume chini, fungua, na ukirudisha boliti weka washa mpya ya shaba au ile ya zamani ikiwa haijabonyea.

Kutia na kupima

Mimina robo tatu ya kiasi cha kitabu, subiri dakika kumi ishuke, pima, kisha ongeza kidogo kidogo. Isipite alama ya juu. Oili ikizidi, krenkshafti inaipiga mpaka ifanye povu, sili zinavuja, na moshi wa bluu unaanza. Mtu anayetia "ya akiba" kwa sababu safari ni ndefu anaidhuru injini yake.

Juu ya dipstiki kuna neno. Alama zake mara nyingine ziliwekwa injini ikiwa imelala sawa kiwandani, na yako imefungwa kwa mwinamo. Kwa hiyo mara ya kwanza unapoimiliki boti, ivute oili kadiri iwezekanavyo, tia kiasi kamili cha kitabu, iache itulie boti ikielea sawa, na uone inafika wapi. Palipofika ndipo pa juu kwa boti hiyo. Piga alama ndogo kwa tupa.

Kuwasha

Oili haijafika kwenye beringi wala haijajaza filta, kwa hiyo usiipe injini mwendo mara moja. Nyanyua dikompresha au vuta kizimio, uizungushe bila kuwaka mpaka taa nyekundu ya oili izimike au geji inyanyuke. Kwa S195 tazama kile kijiti chekundu kinachoinuka kikishapata presha.

Hapa pana mtego kwa boti za ekzosi ya maji. Injini ikizungushwa bila kuwaka, pampu inaendelea kuvuta maji ya bahari, na hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yanajaa kwenye mafla, yanapanda, yanaingia kwenye silinda. Funga koki ya maji ya bahari unapozungusha namna hiyo, na ifungue mara tu injini inapowaka, kabla impela (pangaboi la mpira ndani ya pampu ya maji) haijakauka na kuungua. Weka mtu kwenye koki, asiwe na kazi nyingine.

Ikiwaka, iache mwendo wa chini dakika tano. Taa izimike ndani ya sekunde chache, ikikaa, zima. Angalia maji yanatoka nyuma. Pitisha kidole safi chini ya filta. Zima, subiri dakika kumi, pima tena: kipimo kitakuwa kimeshuka kidogo kwa sababu filta imejaa, na hapo ndipo unapomalizia.

Ile oili chafu

Haimwagwi baharini, na haimwagwi mchangani juu ya alama ya maji, kwa maana bamvua inayofuata itaifuata. Kwenye mikoko ni mbaya zaidi: mizizi ya mchu inayochomoza juu ya tope ndiyo inayopumulia mti, na oili ikiipaka inaiziba. Sabuni ya kuoshea vyombo ikimwagwa ngamani huondoa ile rangi ya upinde juu ya maji, ila oili imezamishwa tu, haikuondoka. Chota maji ya ngama uyatie kwenye ndoo, maranda na matambara yaliyolowa yatie gunia.

Wengi huipaka boriti na nguzo kuzuia mchwa. Nimeiona kazi hiyo na inafanya kinachotarajiwa, lakini oili iliyotumika ina vitu vinavyosababisha saratani ya ngozi kwa anayeishika mara kwa mara, kwa hiyo isipakwe kwa mkono mtupu, wala mahali watoto wanapoegemea, wala kwenye mbao za ndani ya tangi la samaki. Njia iliyo safi ni kuipeleka na dumu lake gereji kubwa au kituo cha mafuta kinachopokea oili chafu. Wapo wanaoikusanya na kuinunua. Usiichanganye na maji, petroli wala rangi, hawataichukua. Filta iache ichuruze ndani ya dumu usiku mmoja.

Giaboksi

Giaboksi ina oili yake, haishirikiani na injini ila kwa mitindo michache, na husahauliwa kwa sababu kipimo chake ni kidogo na kimejificha. Aina ya oili hutofautiana: nyingine hutaka oili ile ile ya injini, nyingine ile nyembamba nyekundu ya gia za kujiendesha. Zikikosewa, klachi huteleza. Soma bati la giaboksi au kitabu chake. Weupe wa maziwa humo, kwenye giaboksi zenye kipozeo chake, huwa unatoka kwenye kipozeo hicho kilichotoboka.

Andika tarehe, saa za injini na kiasi ulichotia kwenye utepe, ubandike ndani ya kifuniko. Baada ya safari ya kwanza fungua kifuniko tena na umulike chini ya filta. Kukiwa na unyevu, usiikaze zaidi. Ifungue, tazama mpira, ipake oili upya na uirudishe kwa mkono.